Mgawa Maji Aliyeringia Theluji ya Mbali

Watu wengi huringia kitu walicho nacho. Wakikosa cha karibu, huringia ukoo, chama au timu ya mpira ya Ulaya. Mzee tuliyemwita Shefu wa Maji aliringia theluji. Hakuwahi kuigusa. Aliiona kwa mbali tu, tena asubuhi zile chache ambapo mawingu ya Rwenzori yamechelewa kuamka, lakini aliizungumzia kama mtu anayemzungumzia shemeji yake mwenye cheo: kwa mazoea, kwa karaha kidogo, na kwa hakika kwamba siku moja na wewe utamhitaji.

Sitaeleza alizaliwa wapi na kwa nani. Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi kusini mwa Uganda, kila mtu ana habari za kuzaliwa na kukimbia, na kila mtu ameshazisimulia mbele ya afisa aliyekuwa akitazama saa yake. Inatosha kusema kwamba alikuwa Mkongomani wa Kivu ya Kusini kama mimi, na kwamba kabla ya kufika Nakivale alifanya kazi miaka mingi upande wa Kasese, kwenye mashamba yaliyo chini ya Rwenzori. Kule mvua humalizikia mlimani na kuwasahau walio bondeni, lakini mto hauwasahau. Wakulima huukata kwa mifereji, na nchi kavu ya miiba inatoa vitunguu na mpunga. Pale ndipo alipojifunza kugawa maji, na pale ndipo alipoambiwa kwamba mama wa maji yale ni theluji ya kileleni. Yeye aliiita neje, kwa Kifaransa kilichombakia tangu shule ya misheni.

Nakivale haina mlima wa theluji. Ina vilima vya ng'ombe na miti ya miiba, na ina ziwa ambalo wakati wa kiangazi hukaa pale chini likikutazama ukifa kwa kiu ya mahindi yako. Shirika moja lilipoleta mashine ya kuvuta maji ya ziwa hadi kwenye tangi kubwa kilimani, mbele kidogo ya soko la Misiera, likachimba na mfereji wa kuyateremsha kati ya mashamba, kisha likaondoka baada ya kupiga picha, tulibaki na swali ambalo mashirika huwa hayalipigi picha: nani atayagawa? Mashamba ya juu, karibu na tangi, yalikuwa ya sisi Wakongomani tuliotangulia. Ya chini, kule mfereji unakoishia, walipewa Warundi waliofika baadaye. Katika mkutano mtu mmoja aliuliza kama kuna aliyewahi kugawa maji maishani mwake. Mkono mmoja tu ulinyooka. Hivyo ndivyo alivyopata cheo chake, na nimewaona mawaziri waliopata vyao kwa sababu hafifu zaidi.

Ofisi yake ilikuwa kizibo. Mahali mfereji ulipogawanyika aliweka gunia la udongo na kipande cha mgomba, kisha akapanda juu yake akasimama. Zamu ya mtu ikiendelea, Shefu hakushuka. Hapo alipokea wageni, hapo alisuluhisha ugomvi, hapo alikula muhogo wake wa kuchoma. Mchungaji alipotaka kumwona kuhusu watoto wa kubatizwa, ilibidi naye asimame matopeni na Biblia kwapani. Nilimwuliza siku moja kwa nini asiweke jiwe zito aende akapumzike.

"Jiwe haionake haya," akasema. "Mutu akikuya kuiba, jiwe inamuangalia tu. Mimi namuuliza habari ya bibi yake."

Sheria yake ilikuwa moja: wa chini kwanza. Mashine ikishajaza tangi, maji yalifunguliwa yapite mashamba yote ya juu bila kuguswa, yaende hadi mwisho kabisa, kwa mjane mmoja Mrundi mwenye maharage na vitunguu, na kutoka hapo zamu zipande kidogo kidogo kurudi juu. Kwetu sisi wa juu hili lilikuwa tusi. Tulifika kwanza, tuliketi kwanza, tuliugua malaria ya hapa kwanza, na sasa tunasimama kando ya mfereji tukitazama maji yetu yakipita kama mbunge baada ya uchaguzi.

"Ule wa juu anaonaka maji," Shefu alieleza. "Ule wa chini anaisikiaka habari yake tu. Sasa nani njo atangulie? Ule hata ukimunyima ataiba, ao ule hata akitaka kuiba hawezi?"

Dada yangu mkubwa, ambaye kwa desturi yetu namwita Yaya, alikuwa na shamba la nyanya la kwanza kabisa chini ya tangi. Alimchukia Shefu kwa bidii na kwa utaratibu, kama watu wengine wanavyosali. Ni yeye aliyegundua, au aliyejifanya kugundua, kwamba shamba la Shefu mwenyewe liko chini kabisa, jirani na la mjane. Akalitangaza hilo sokoni Misiera, kanisani, na mahali pa kusagia unga.

"Muonaji wa haki!" alisema mbele yake, mimi nikiwepo. "Ba chini kwanza, na yeye mwenyewe iko mu ba chini. Hata mimi ningekuwa mutakatifu kwa njia ile."

"Njo maana nilichagua chini," Shefu akajibu akiwa kwenye kizibo chake, bila hata kugeuza shingo.

Nimelifikiria jibu hilo miaka mingi na sijui lilikuwa la mtu mwema sana au la mwizi hodari. Aliweka sheria kwa sababu ya shamba, au alichagua shamba kwa sababu ya sheria? Watu wa vyuo hupenda maswali ya namna hii kwa sababu hayahitaji jembe.

Na hapa yafaa nijitaje. Mimi nilisoma jiografia katika chuo kikuu kimoja Mbarara, nikapanga chumba mtaa wa Kakoba, na sasa nina umri wa kutosha kupanga nyumba nzima kama pesa zingekua pamoja nami. Nafundisha kidogo, naandika insha, na insha zangu husomwa na watu waliokuwa wakitafuta kitu kingine. Nilipokuwa nikienda Nakivale kumwona Yaya, Shefu aliniita Profesa, jina ambalo mwajiri wangu hajawahi kuniita hata kwa kukosea.

Ugomvi wetu mkubwa ulihusu saa. Kule Kasese jua hupiga theluji asubuhi, theluji inayeyuka, na maji yake huchukua muda kuteremka. Kwa hiyo, alivyofundishwa, mto hunenepa alasiri, na mmwagiliaji mwenye akili hungoja alasiri. Shefu aliihamishia ratiba hiyo Nakivale nzima nzima, kama mtu anayehama na mlango wa nyumba iliyobomoka. Mashine ilivuta maji asubuhi. Tangi likajaa, likafurika, vyura wakashukuru, na wakulima wakakaa kivulini wakilitazama, kwa sababu Shefu alikuwa amesema maji hayajafika.

"Shefu," nikamwambia, "maji ni yale pale. Yanamwagika."

"Ile ni maji. Minasema maji haiyafika."

"Yanatoka ziwani. Ziwa liko hapo chini, si mlimani. Hakuna theluji njiani."

"Profesa, ziwa inatoka fasi gani?"

"Mto Rwizi. Unatoka vilima vya Buhweju, unapita Mbarara, unakuja huku. Ni mvua tu."

Akanitazama kwa huruma ambayo sijaipata hata kwa daktari. "Na nyuma ya Buhweju kuko nini?"

Ramani inasema nyuma ya Buhweju, mbali, kuna Rwenzori. Ramani haisemi maji yanavuka bonde kwa ajili ya kumfurahisha mzee, lakini yeye hakuhitaji ramani imwambie hilo.

Kisha akaja afisa wa kilimo kutoka Mbarara, kijana wa Kinyankole mwenye viatu vizuri mno kwa kazi ile, akauliza kwa nini tunamwagilia alasiri. Tuliona haya kusema. Mtu mmoja akasema ni amri ya mzee. Afisa akafurahi, akampa Shefu mkono.

"Mzee, hii maneno yako ni muzuri sana, ssebo. Wewe nakataa jua kunywa maji. Jioni maji nabaki kwa udongo. Watu mingi hapana fahamu hii."

Ungedhani Shefu angeyapokea maua yake. Alikasirika kutwa nzima. "Jua!" alinung'unika. "Jua haina kazi hapa. Ni saa ya neje." Hakutaka kusifiwa kwa sababu isiyo yake. Ni ugonjwa ninaoufahamu. Wahariri wangu huupata pia, ila wao hawataki kusifu kwa sababu yoyote.

Siku nyingine nilijaribu kumkomesha kwa sayansi. Nikamwambia kwamba hata kule Kasese theluji huchangia kidogo sana. Maji mengi ya mito ile ni mvua na mabwawa ya mabonde ya juu, na theluji ni kama kijiko ndani ya pipa. Alikuwa akirekebisha ukingo kwa jembe, hakuacha.

"Kijiko?"

"Kijiko."

"Profesa, wewe uko na batoto. Ile siku ya kumutengeneza mutoto, baba analetaka kiasi gani?"

Wanawake waliokuwa wakipalilia walianza kucheka kabla sijaelewa.

"Kidogo," nikasema.

"Na mutoto anaitwaka jina ya nani?"

Niliondoka pale na shahada yangu.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa mkaidi, alikuwa na kiburi, na alisengenya vizuri kuliko wanakwaya. Alipiga marufuku kuosha miguu mferejini, na alasiri moja nikamkuta ameketi ukingoni, suruali imekunjwa hadi magotini, miguu yote miwili majini. Aliponiona hakuitoa. "Napima baridi," akasema. Aliichukia mvua hadharani, jambo ambalo katika kambi ya wakulima ni karibu na kumtukana Mungu. Mchungaji alipoomba mvua, waumini wote wakaitika amina, Shefu peke yake akakohoa. Alishikilia kwamba mvua haina adabu: inamnyeshea mwenye shamba na mwenye baa sawasawa, haiulizi zamu. Hata hivyo mawingu yalipokusanyika, mtu wa kwanza kutega mapipa yake chini ya mabati alikuwa yeye.

Na kulikuwa na mara ile moja ambapo sikumcheka. Nilikuwa na simu yangu mpya, nikamwonyesha picha za vilele vya Rwenzori, za zamani na za sasa, zilizowekwa pamoja. Katika za zamani weupe ulifunika mabega ya mlima. Katika za sasa ulibaki kama sabuni iliyosahauliwa kwenye mwamba. Nilitarajia aseme mpigapicha ni mwongo. Alishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Itaisha?"

"Wanasema itaisha. Tukiwa hai."

Aliitazama tena. Kisha akauliza, "Bale ba chini banajua?"

Alinirudishia simu, akapanda kwenye kizibo, na siku hiyo alikaa pale hadi giza, ingawa zamu ya mwisho ilikuwa imekwisha.

Basi mtu huyo ndiye aliyeitwa kwenda Kanada.

Wote mnaojua Nakivale mnajua jambo hili linavyokuja. Watu wanangoja miaka, wanazeeka wakingoja, kisha simu inalia siku ya soko. Binti yake alikuwa amefuatilia shauri lao la kuhamishiwa huko tangu watoto wake wakiwa wachanga. Jina la baba lilikuwa humo pamoja nao. Akikataa yeye, shauri lote lingefunguliwa upya, na binti angerudi mwisho wa foleni na watoto wake. Waliambiwa hivyo wazi. Kambi nzima ilicheka hadi ikachoka: Shefu anaenda kwa neje yenyewe. Vijana walimpigia saluti. Yaya, ambaye hakuwa amempa hata nyanya moja iliyooza, alichinja kuku wawili na kuandaa sherehe ya kumuaga kabla hata hajakubali kwenda. Watu wote wa juu walihudhuria. Sijapata kuona watu wakimpenda mzee namna ile.

Wa chini hawakula kuku. Mjane Mrundi alikuja akakaa nje kwenye kigoda, akangoja hotuba zimalizike, kisha akamwuliza swali moja, kwa Kiswahili chake cha Burundi, polepole.

"Mzee, ukigenda, nani atasimama pale?"

Kila mtu alijua jibu. Hakuna ambaye angesimama. Maji yangefika kwa wa juu na kulala hapo, na kiangazi kimoja kingetosha kuyamaliza mashamba ya chini. Shefu alitazama mikono yake. Binti yake alitazama ukuta. Tangu siku hiyo alianza kuchelewesha mambo: leo mguu, kesho mazishi, keshokutwa hawezi kwenda kupimwa kwa sababu ni zamu ya vitunguu. Binti alikonda. Mara moja nilimsikia akimwambia baba yake, kwa sauti ya chini kabisa, "Baba, batoto yangu pia ni ba chini." Aliondoka bila kungoja jibu.

Siku tatu baadaye Shefu alipita shambani kwa Yaya akamkabidhi kizibo.

Watu walidhani amechanganyikiwa. Yaya mwenyewe alidhani ni mtego. Miaka yote ile alikuwa ametoboa mfereji kwa mwiko, kwa bomba la baiskeli, mara moja kwa kijiti kilichofichwa ndani ya mgomba, na Shefu alikuwa amemkamata kila mara.

"Kwa nini mimi?" akamwuliza.

"Tundu zote za ule mufereji ni zako," Shefu akasema. "Mwengine ataanza kuzitafuta. Wewe unazijua."

Kwa wiki kadhaa Shefu alimjaribu, Yaya juu ya kizibo na yeye mbali kidogo, akitema mate. Kisha akaacha kwenda. Nilimpigia Yaya simu kumwuliza inavyokwenda, akanijibu kwamba mgongo unamuuma, watu ni wezi, na ninyi watu wa Kakoba mna muda wa kuuliza maswali.

Mara ya mwisho nilipomwona ilikuwa Mbarara, Kakoba, kwenye kona ile ya mitumba ambapo makoti mazito hutundikwa mwaka mzima kwa ajili ya watu wa Nakivale wanaosafiri. Jua lilikuwa linapasua lami. Bodaboda zilipiga honi kumpita mzee aliyesimama katikati ya njia akiwa amevaa koti la manyoya la kijani, lililofungwa hadi kidevuni, jasho likimtiririka. Binti yake alikuwa na la pili mkononi, na uso wa mtu aliyeomba kwa upole tangu asubuhi na sasa anakaribia mwisho wa upole.

"Profesa," akaniita kabla sijaamua kama nitajificha. "Kuya. Wewe ulisoma. Tulifundishwa darasa ya kule. Mwalimu anasema neje yao inaangukaka mu barabara."

"Ndiyo."

"Na banaimwangia chumvi."

"Ndiyo. Magari yasiteleze."

Alinitazama akingoja nicheke, nimwambie ni mzaha. "Chumvi," akasema tena. "Juu ya maji. Kisha inaenda mu mashamba ya nani?"

"Sijui, Shefu. Mitaroni."

"Baba," binti akasema, "muuzaji anangoja. Unalichukua ao hapana?"

Mwenye makoti, mama wa Kinyankole aliyekaa juu ya gunia, alisema hana haraka, mzei avae hata matatu. Shefu alifungua vifungo, akavifunga tena. Ndipo nilipoelewa kwamba hawakuwa wanabishania koti. Siku yao ilikuwa imekaribia, na hakuwa ameshasema ndiyo hata mara moja.

"Pigia dada yako," akaniambia.

Nilipiga. Yaya alipokea akihema.

"Niko kazini. Nini?"

Shefu aliichukua simu mkononi mwangu bila kuomba. "Maji iko fasi gani?"

"Iko kwangu."

Binti yake alifumba macho. Mimi nilitazama viatu vyangu.

"Iko kwako inafanya nini?" Shefu akauliza.

"Inapita," Yaya akasema. "Sasa unataka nini? Nyanya zangu zimelala kama bagonjwa, na mimi nimesimama hapa kama mupumbavu tangu saa tisa. Inapita."

"Weka simu chini. Karibu na maji."

Alinisogezea nisikilize pamoja naye. Mimi nilisikia mbuzi, redio ya mtu, na kitu kama karatasi ikikunjwa. Yeye alisikiliza kwa muda mrefu, kichwa kimeinama ndani ya ukosi wa manyoya, mpaka wapita njia wakaanza kumpisha. Kisha akanirudishia simu. Haikuwa imekatwa, Yaya alikuwa bado anatutukana kutoka ardhini.

"Unataka aseme nini zaidi?" nikamwuliza.

Alilivua lile koti, akalikung'uta, akamrudishia mama wa makoti.

"Hii ni ya kutembea," akamwambia binti yake. "Tafuta ingine yenye mifuko ya ndani. Kule pia nitakuwa nasimama."